Chumba cha chini: uchambuzi wa kisa cha binti wa Tanga na majira ya baridi ya Minnesota

Mwanzoni mwa Januari mratibu mmoja wa wanafunzi wa kubadilishana hapa Minneapolis, Marekani, alinipigia simu kuniomba nikae kwenye kikao. Binti wa miaka 16 kutoka Tanga, aliyefika Agosti kusoma mwaka mmoja huku akiishi na familia mwenyeji kusini mwa jiji, alikuwa karibu kuhamishwa. Familia haikuwa na ugomvi naye, ila ilikuwa imeishiwa maarifa. Tangu Novemba binti akitoka shule anashuka chumbani moja kwa moja, na hapandi mpaka aitwe. Jioni mapema analala usingizi wa mgonjwa. Jumamosi na Jumapili haonekani. Na maji ya moto ya nyumba nzima anayamaliza yeye, asubuhi na usiku, mpaka baba mwenyeji anaoga ya baridi akiwa anawahi kazini.

Mratibu alinitaka mimi kwa kuwa naongea Kiswahili na nimelea mabinti. Alikuwa ameshaanza kutafuta familia ya pili.

Ninaandika kwa ruhusa ya binti na wazazi wake, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili asitambulike. Ninaandika kwa sababu visa vya namna hii huwa vinafungwa kwa neno moja. Mtu anasema "baridi ilimshinda", mwingine anasema "utamaduni", faili linarudi kabatini, na Agosti ijayo anakuja mtoto mwingine. Hiki kilikuwa na sababu za kushikika kwa mkono, moja yao ikiwa ya chuma kabisa.

Nyumba yenyewe

Vijana wa Tanzania na Kenya wanaokuja Marekani kwa mwaka mmoja wa sekondari wengi wamekuwa wakipitia programu ya YES, iliyoanzishwa na serikali ya huku mwaka 2002 kwa ajili ya nchi zenye Waislamu wengi. Wapo wanaokuja kwa njia nyingine pia. Binti huyu alikuja kwa njia ipi haina uzito hapa, kwa kuwa kanuni za viza yao zinafanana: familia mwenyeji hailipwi, mratibu lazima awe anaishi ndani ya maili 120 (kilomita 193 hivi) kutoka kwenye nyumba hiyo, na kila mwezi awasiliane na mwanafunzi na wenyeji wake. Mratibu wetu alikuwa akipiga simu kila mwezi bila kukosa. Kila mwezi binti alimjibu kwamba yuko sawa.

Chumba alichopewa kilikuwa besimenti, ile sehemu ya nyumba iliyozama chini ya ardhi. Msomaji wa nyumbani asije akadhani alifungiwa stoo. Huku ni chumba cha heshima kwa kijana: kina zulia, kitanda kikubwa, bafu lake mwenyewe, na dirisha la kumtosha mtu kutoka moto ukitokea. Watoto wa nyumba ile, wavulana wawili, walikuwa wamekililia miaka.

Nyumba nyingi za huku hupashwa joto kwa hewa. Tanuri la gesi linakaa chini, linachemsha hewa na kuipuliza kwenye mabomba ya bati yaliyopitishwa ndani ya kuta na dari, nayo inatokea vyumbani kwenye matundu yenye vibao vya chuma. Vibao hivyo unavifungua na kuvifunga kwa kamkono kadogo pembeni. Kiangazi mabomba hayohayo hupitisha hewa baridi ya kiyoyozi. Anayeamua tanuri liwake au lizime ni kidhibiti joto kilichopachikwa ukuta wa sebule, nacho kinajua joto la sebule peke yake. Sebule ikifika nyuzi 20 kinazima, na anayeishi chini shauri yake.

Binti alifika Minneapolis wakati mchana una nyuzi 27 na unyevunyevu unaomkumbusha nyumbani. Akawaambia wenzake wa Tanga kwamba habari za baridi ya Marekani zimetiwa chumvi. Septemba nzima akitoka shule alikuwa anakaa jikoni na mama mwenyeji, akimenya karoti na kusimulia ya shuleni. Mama yule aliniambia kwamba huo ndio wakati alioupenda kuliko wote, na ndiyo maana kutoweka kwa binti kulimuuma.

Halafu majira yakageuka. Wastani wa joto la usiku wa Januari hapa ni nyuzi 13 chini ya sifuri, na kuna siku zinazoacha wastani mbali sana: tarehe 30 Januari 2019 jiji lilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Tanga, hata usiku wa kipupwe, joto linazunguka kwenye 20.

Maelezo matatu

Kabla ya kikao niliongea na kila upande. Kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari.

Mama mwenyeji alisema ni huzuni ya majira, ule unyonge unaowashika watu mwanga wa jua ukipungua. Si jambo la kubuni. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliuandikia mwaka 1984 na kuupa jina, na kwenye majimbo ya kaskazini kama hili karibu kila ukoo una mtu wake anayeugua kila mwaka. Dalili zake ni kulala kupita kiasi, kutamani wanga na kujitenga. Binti alikuwa nazo zote. Kwa hiyo Desemba walimnunulia taa maalumu ya mwanga mkali, ile ya lux 10,000, mtu anakaa mbele yake nusu saa asubuhi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitumia kila siku kama alivyoelekezwa, na hali ikabaki vilevile.

Mratibu alisema ni kukumbuka nyumbani. Kwa uzoefu wake wanafunzi huporomoka Desemba, kisha hupanda wenyewe Februari. Alikuwa anasubiri Februari.

Mama mzazi nilimpigia baada ya swala ya alfajiri ya huko, ambayo kwetu ni saa tatu usiku. Hakunizungusha. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada yangu, wanampa chakula?" Nilipomwambia chakula kipo tele, alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye kila akiongea na mwanawe humhimiza avumilie, asiwasumbue watu wa watu, maana mtoto akienda kwa watu na kulalamika anayeaibika ni mama yake.

Nilimshukuru, nikaandika maneno hayo pembeni. Uzito wake sikuuona bado.

Kilichoonekana chini

Kikao kilianza saa kumi. Binti alinipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kochi, mikono mapajani, na kila alichoulizwa alijibu kwamba yuko sawa na anashukuru. Mama mwenyeji alikuwa analengwalengwa na machozi. Hatukuwa tumefika popote ilipotimu saa kumi na moja kasoro robo. Magharibi ikaingia, nikaomba tuswali kwanza, tukashuka wawili.

Nilipopiga magoti tu baridi ya zulia ilinipanda mpaka nyongani. Tulipotoa salamu nikatazama huku na huku. Koti lake zito lilikuwa limetandazwa kitandani juu ya blanketi mbili. Mezani, pembeni ya ile taa, palikuwa na kopo la mafuta ya nazi aliyofungiwa na bibi yake, meupe tupu, yameganda, kijiko kimechomekwa katikati. Mtu wa pwani haimshangazi: mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai tunayaweka juani yayeyuke. Ndani ya nyumba ya nyuzi 20 lazima yagande. Ila haya yalikuwa yamekuwa magumu kiasi kwamba shingo ya kijiko ilikuwa imepinda kwa kuyachokoa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, humu unalalaje?"

Akacheka. "Anti, mimi nalala na koti."

Alilisema kama kituko cha kusimulia wenzake. Hakuwa anashtaki. Nikainua macho. Tundu la hewa lilikuwa darini, juu kidogo ya mto wake, na vibao vyake vilikuwa vimefungwa vyote.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi. Lilikuwa linanipulizia baridi usoni."

"Lini?"

"Nilipofika. Mwezi wa nane."

Aliona tundu la baridi, akalifunga, mambo yakaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba Oktoba tundu hilohilo hugeuka la joto, kwa kuwa kwa wenyeji ni jambo ambalo mtu hafundishwi, huzaliwa nalo. Nilimwita mama mwenyeji. Alikuja na kipima joto kidogo cha jikoni, tukakiacha mezani tukiongea. Kilisoma 58 kwa vipimo vyao, sawa na nyuzi 14 na kidogo. Sebuleni kilikuwa kimesoma 68, yaani 20. Na hiyo ilikuwa jioni mapema. Usiku waliteremsha kidhibiti zaidi, kama wafanyavyo wengi ili kupunguza matumizi ya gesi. Mama wa watu alijishika mdomo.

Kuanzia hapo lalamiko baada ya lalamiko lilijieleza. Bafu lilikuwa ndipo mahali pekee alipopata joto la kuingia mwilini, kwa hiyo alikuwa anasimama chini ya maji ya moto mpaka vidole vinakunjamana, mara mbili kwa siku. Tangi la maji ya moto la nyumba za kawaida hapa huwa na lita 150 mpaka 190, na mmoja akioga nusu saa anayemfuata hana chake. Usiku alikuwa anaamka amejikunja, halali vizuri, kwa hiyo usingizi unamshika akirudi shule. Wikendi alikuwa anashinda chini ya blanketi kwa kuwa ndipo palipo na joto alilokwisha kulipasha kwa mwili wake mwenyewe.

Lilibaki lile la kukimbilia chumbani kila akirudi, na hili tundu la hewa halikuhusika nalo. Lilikuwa jua.

Tanga jua halina mambo mengi. Mwaka mzima magharibi ni saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Mwanzoni mwa Septemba jua linazama saa moja na dakika arobaini usiku, na alasiri inaingia karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo binti alikuwa anarudi shule, anakaa jikoni apendavyo, halafu anakwenda kuswali bila haraka. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Kufikia katikati ya Desemba adhuhuri inaingia saa sita na dakika chache, alasiri saa nane na robo hivi, magharibi saa kumi na nusu na dakika mbili tatu, isha saa kumi na mbili. Swala mbili zinadondokea katikati ya masomo. Anafika nyumbani saa kumi, alasiri inataka kutoka. Anashuka mbio, anatawadha, anaiwahi. Magharibi inakuja nusu saa baadaye, basi haoni sababu ya kupanda na kushuka tena, anakaa chini na udhu wake. Kisha chumba kile, kisha kitanda, kisha usingizi. Wenyeji wanapika saa kumi na mbili, wakati wa isha.

Mama mwenyeji alijua kwamba binti anaswali mara tano. Hakujua kwamba nyakati zinasogea na jua, na binti hakudhani kwamba kuna mtu asiyejua hilo. Jiji lenyewe linaruhusu adhana ya swala zote tano kwa vipaza sauti tangu 2023, lakini mtaa wao uko mbali na msikiti, haisikiki. Nilimwandikia nyakati za mwezi ule kwenye karatasi, akaibandika mlangoni mwa friji, na wiki hiyohiyo chakula cha usiku kikasogea mpaka saa kumi na mbili na nusu. Hakuna aliyelalamika.

Kwa nini hakusema

Tundu lilifunguliwa kwa sekunde moja. Swali ni kwa nini mtoto mwenye akili timamu, anayefaulu hesabu za darasa la juu yake, alale na koti miezi miwili ndani ya nyumba ya watu wanaompenda asiseme.

Sababu ya kwanza nilishaisikia kwa mama yake. "Usiwasumbue watu wa watu" ni agizo zuri, mimi mwenyewe nililelewa nalo. Mgeni wa kwetu haombi, anapewa. Anakaribishwa, anasema ameshiba, anakaribishwa tena, anakataa kwa adabu, anakaribishwa mara ya tatu, hapo anakula. Mama mwenyeji alikumbuka kwamba Oktoba alimuuliza kama chumba kina joto la kutosha. Binti akajibu ndiyo, ahsante. Kwa mama yule mazungumzo yakaishia hapo, maana mtu akisema ndiyo unamheshimu kwa kumwamini. Binti kwake hiyo ilikuwa raundi ya kwanza, na ya pili haikuja.

Sababu ya pili ilitengenezwa na maandalizi yenyewe. Semina za kabla ya safari huwakariria vijana kwamba familia zinajitolea, hazipati hata senti. Ni kweli, na inafaa waambiwe. Ila kwa mtoto aliyelelewa kuogopa kuwa mzigo, maneno hayo yanageuka deni. Kila taa anayowasha anaona anamla mtu.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja, na sidhani kama mratibu asiyetoka pwani angeifikia. Baba mwenyeji ana mazoea ya kutangaza bili ya gesi mezani. Kila mwezi ikifika anaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, anajishika moyo, wanawe wanaangua kicheko. Ni mzaha wa nyumba ile tangu wavulana wakiwa wadogo. Sasa mweke mezani hapo binti wa Tanga. Kwetu neno halirushwi hewani bure. Shangazi akitaka kukusema hakusemi, anajifunga kanga yenye maneno, anapita mbele yako mara mbili. Binti alisikia bili ikisomwa, akainamisha kichwa, akajua kasemwa yeye. Aliniambia kwa uhakika kabisa: "Anti, alikuwa ananipiga kijembe, ila kwa upole." Na ile taa ya lux 10,000 nayo aliitafsiri hivyohivyo, kwamba ameambiwa kwa adabu kuwa sura yake inawachosha.

Nilipomweleza baba mwenyeji, alipauka. Alisema hajawahi kufumba kitu maishani mwake, hajui hata inavyofanywa. Ninamwamini. Watu wa Minnesota wana sifa kwa Wamarekani wenzao ya kuzungukazunguka kabla ya kusema jambo, lakini mbele ya Mswahili hao bado ni wanafunzi wa chekechea.

Niliporudi nyumbani nilijiuliza kama kulikuwa na mtu yeyote aliyekosea. Mratibu alifuata kanuni, mama mzazi alifundisha adabu, wenyeji walinunua taa, binti alivumilia. Kama nina lawama ni ndogo, na ninaielekeza kwa waratibu: kupiga simu kila mwezi hakutoshi. Kuanzia Novemba nendeni mkaone mahali mtoto anapolala, jioni, tanuri likiwa linawaka, mkakae humo dakika kumi na kuweka mkono kwenye tundu la hewa. Swali la "uko sawa?" kwa mtoto wa kwetu ni salamu, na salamu hujibiwa njema.

Na tahadhari moja, asije mtu akasoma kisa hiki akadhani kila huzuni ni tundu lililofungwa. Huzuni ya majira ipo na inaumiza watu. Kijana akiacha kula, akiacha kuongea hata na wa nyumbani kwao, au akitamka neno la kutotaka kuishi, hiyo ni ya daktari, siku hiyohiyo.

Jembe

Nilidhani tumemaliza. Chumba kilipanda mpaka nyuzi 18, maji ya moto yakaanza kuwatosha wote, na likaja tatizo jipya dogo: hewa ya tanuri ni kavu mno, binti akaanza kutokwa damu puani, ushungi wake wa nailoni ukawa unarusha cheche gizani kila akiuvua. Hayo yalimalizwa na bakuli la maji chumbani, ushungi wa pamba, na yale mafuta ya bibi, ambayo sasa yalikuwa yanachoteka.

Lakini baada ya wiki mbili mama mwenyeji akanipigia. Binti anapanda juu, anakaa nao, anatabasamu. Anakaa kama yuko kwenye chumba cha kusubiri daktari.

Nikamuuliza, anafanya kazi gani hapo nyumbani? Hakuna, akasema. Mlangoni mwa friji kuna ratiba ya kazi za watoto, nani anatoa takataka, nani anaosha vyombo, na jina la binti halimo. Nikamuuliza kwa nini. Akasita, kisha akasema aliona vibaya kumpokea mtoto mweusi kutoka Afrika halafu amwoshee vyombo. Nilimshukuru kwa kusema ukweli, maana si wengi wanaothubutu. Nikamwambia tuna methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu wenu yuko mwezi wa sita hajaona mpini.

Septemba alikuwa akimenya karoti, na hakuna aliyeiita kazi, ila ilikuwa kazi, na ilipokatika kwa ajili ya jua kuzama mapema hakikuja kitu cha kuziba pengo. Wakati wa joto mtoto ana uwanja, ana baiskeli, ana mtaa. Januari kuna kuta nne na watu walewale, na asiye na shughuli ndani ya kuta hizo anabaki fanicha.

Jina likaandikwa. Vyombo Jumanne na Alhamisi, na theluji pamoja na mvulana mkubwa. Hii ya theluji aliiomba mwenyewe. Jiji la Minneapolis linamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya kiwanja chake ndani ya saa 24 tangu theluji iache kuanguka, kwa hiyo si mchezo wa watoto, asiposafisha mtu jiji linakuja kusafisha na kukutoza.

Nilipita siku moja nikamkuta kazini: buti, suruali mbili, kofia ya sufu juu ya ushungi, glavu za vidole kufungwa pamoja kwa sababu zile za vidole vitano aligundua hazifai kitu. Alinifundisha. Theluji unaisukuma, huinyanyui, mgongo utakatika. Unaiwahi kabla gari halijapita juu yake, kwa kuwa ikishakandamizwa inakuwa barafu na beleshi linateleza juu yake. Ya Januari ni nyepesi, inapeperuka; itakuja ya Machi, ameambiwa, iliyojaa maji, hiyo ndiyo ya wanaume. Na chumvi ya kuyeyusha barafu ina mwisho wake. Alikuwa amemwaga ngazini asubuhi moja ya nyuzi 20 chini ya sifuri, akasubiri, chembe zikabaki zimekaa juu ya barafu hazijafanya lolote, mpaka jirani mzee akamletea mchanga. Chumvi ya kawaida huanza kushindwa kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri. Jirani huyo sasa anamwita kwa jina, na yeye ndiye aliyemwambia kuhusu Karmel, soko la Wasomali kule karibu na Lake Street, ambako binti alikwenda kutafuta iliki akakuta wamama waliokulia Eastleigh na Dadaab wanaomjibu kwa Kiswahili na kumdai kwa Kiswahili.

Kuhamishwa kuliondolewa mezani mwishoni mwa Januari. Mratibu aliongeza swali la chumba kwenye fomu yake. Baba mwenyeji aliacha kusoma bili ya gesi, hadi binti alipomwomba aendelee, kwa kuwa mvulana mdogo alikuwa anaiga sauti yake vibaya.

Mama mzazi tulimweleza mambo yote kwa simu ya video, binti na mimi, tukiwa tumekaa kwenye zulia la besimenti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe: "Nilikwambia usisumbue watu. Nilikwambia ulale kwenye friji?"